Rekodi za klabu zetu zisiandikwe kwa kubahatisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalonikera siku nyingi, nalo ni namna rekodi za klabu zetu katika mashindano ya kimataifa zinavyoandikwa. Sisemi gazeti lako peke yake. Redio zinafanya, runinga zinafanya, mitandaoni ndiyo usiseme. Lakini gazeti likishachapwa limechapwa. Watu wanalikata, wanaliweka, na kesho wanalitoa kama ushahidi. Ndiyo maana nimeona nianze na ninyi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Kazi zangu za kila siku ni sare za shule na madera, ila msimu wa mpira ukipamba moto nashona bendera za matawi ya mashabiki, na maandishi nayadarizi kwa mashine, herufi moja baada ya nyingine. Kudarizi neno BINGWA na mwaka chini yake kwenye satini ni kazi ya kutuliza mkono. Satini ukiifumua inabaki na matundu, nyuzi zinavutika, na kitambaa chote kinakunjamana pale ulipogusa. Hakuna pasi ya kurekebisha hilo. Kwa hiyo mteja akiniletea mwaka, namuuliza kwanza mwaka huo kautoa wapi. Mara nyingi ananionyesha kwenye simu picha ya ukurasa wa gazeti.

Ndivyo walivyokuja vijana wa tawi moja la Yanga. Walitaka bendera ya kijani na njano iandikwe kwamba Yanga ndiyo klabu ya kwanza ya Tanzania kucheza fainali ya Afrika, mwaka 2023. Nikawaambia, wanangu, fainali mmecheza na hakuna wa kuwanyang'anya, lakini hiyo "ya kwanza" siishoni. Wakanionyesha gazeti, na kweli lilikuwa limeandika hivyohivyo, tena kwa herufi kubwa. Haukupita muda wakaja wa upande wa pili, wa Simba, nao wanataka niandike "Mshindi wa Pili, Klabu Bingwa Afrika 1993". Hao nao niliwakatalia. Pande zote mbili ziliondoka zimenuna, na kila upande ukinishuku kuwa ni wa watani wao. Mimi ni wa Coastal Union, timu ya hapa Tanga, Mhariri, tangu nikiwa mtoto. Marehemu baba yangu alikuwa karani bandarini, na macho yalipoanza kumsumbua nikawa mimi ndiye ninayemsomea matokeo ya mpira kila jioni, mpaka yale madogo ya chini ya ukurasa. Nikikosea tarakimu ananirudisha mwanzo.

Sasa tuseme ukweli ulivyo. Mwaka 1993 Simba ilicheza fainali ya Kombe la CAF (CAF ndiyo shirikisho la mpira la Afrika). Hilo lilikuwa kombe la tatu la klabu barani, lililoanza 1992 kwa zile timu ambazo hazikuwa mabingwa wa nchi zao wala washindi wa kombe la nchi. Simba iliitoa USM El Harrach ya Algeria, ikaja kuitoa Aviação ya Angola kwenye nusu fainali, ikaingia fainali dhidi ya Stella Club d'Adjamé ya Ivory Coast. Mechi ya kwanza Abidjan ilikwisha 0-0. Nchi nzima ikaamini kazi imekwisha, maana marudiano yalikuwa nyumbani, Uwanja wa Taifa, ule tunaouita Uhuru leo. Mzee Mwinyi, Rais wa wakati huo, alikuwepo jukwaani. Langoni alisimama Mohamed Mwameja. Stella wakashinda 2-0 wakaondoka na kombe, likapanda ndege. Mimi nilisikiliza redioni kwa shangazi yangu, na nakumbuka mtangazaji alivyopunguza sauti baada ya bao la pili, kana kwamba anatangaza msiba wa mtu anayemfahamu.

Hiyo ni fainali ya Afrika. Haikuwa ya klabu bingwa, kwa hiyo bendera ya Simba isiseme klabu bingwa. Lakini ilikuwa fainali ya kombe la bara, chini ya shirikisho lilelile, kwa hiyo bendera ya Yanga isiseme ya kwanza. Mambo mawili hayo yanaweza kusimama pamoja bila kugombana. Kinachoyagombanisha ni mwandishi mvivu anayeandika "fainali ya Afrika" bila kutaja ni fainali ya kombe lipi.

Vijana waliniuliza, sasa Kombe la Shirikisho, ambalo Yanga walicheza fainali yake 2023, na Kombe la CAF la 1993 ni kitu kimoja au viwili? Swali zuri, na sijaona gazeti likilijibu vizuri. Kulikuwa na Kombe la Washindi Afrika, lililochezwa kuanzia 1975 mpaka 2003. Kulikuwa na Kombe la CAF, 1992 mpaka 2003. Mwaka 2004 yakaunganishwa likazaliwa Kombe la Shirikisho. Basi hilo la sasa ni mtoto wa yale mawili, wala si lolote kati yake. Maelezo hayo ni sentensi nne. Zingewekwa pembeni ya habari ya Yanga kutinga fainali, zingezima ubishi kwenye vijiwe vyote vya kahawa kuanzia Tanga mpaka Tunduma.

Na mafanikio ya Yanga ya 2023 hayahitaji kuongezewa chumvi. Waliitoa Rivers United ya Nigeria, wakaitoa Marumo Gallants ya Afrika Kusini kwa kuwafunga nyumbani na ugenini, 2-0 na 2-1. Kwenye fainali wakafungwa na USM Alger 2-1 pale Benjamin Mkapa tarehe 28 Mei. Kila mtu akasema yamekwisha, na tarehe 3 Juni wakaenda Algiers wakashinda 1-0, kwa penalti ya Djuma Shaban mapema kabisa. Jumla 2-2. Kombe likaenda kwa Waarabu kwa sababu ya mabao ya ugenini tu, yaani jumla ikilingana anashinda aliyefunga mengi ugenini, sheria ambayo Ulaya walikuwa wameshaifuta tangu 2021. Fiston Mayele akamaliza mfungaji bora wa mashindano kwa mabao saba. Kushinda fainali ya Afrika ugenini, kwenye uwanja wa Algiers, halafu ukarudi bila kombe! Hilo peke yake lingetosha kichwa cha habari, na lingekuwa kweli. Bendera yao nimewashonea: "Fainali, Kombe la Shirikisho Afrika, 2023. Algiers 0-1". Walipoiona walinyamaza kidogo, kisha mmoja akasema mama, hii ni nzuri kuliko ile tuliyokuwa tunataka.

Simba nao mwaka 2025 wakaingia fainali ya Kombe la Shirikisho. Walifungwa na RS Berkane 2-0 kule Morocco tarehe 17 Mei, na marudiano yalichezwa Zanzibar, Uwanja wa New Amaan, tarehe 25 Mei, yakaisha 1-1. Joshua Mutale alifunga mapema, watu tukaanza kupiga hesabu, Berkane wakasawazisha dakika za nyongeza. Mara nikasoma mahali kwamba Simba "imefika fainali ya Afrika kwa mara ya kwanza". Mhariri, ndani ya miaka miwili klabu mbili tofauti zimepewa hiyo mara ya kwanza, na zote mbili haziistahili. Wale waliocheza 1993 wapo, wengine tunawaona viwanjani wakifundisha watoto. Wanasomaje habari kama hiyo wakiwa na wajukuu wao pembeni?

Tena kwa upande wa klabu bingwa hasa, Simba ina rekodi kubwa ambayo siisomi popote. Mwaka 1974 ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Ilikutana na Ghazl El Mahalla ya Misri, kila mmoja akashinda 1-0 kwake, ikatolewa kwa matuta, yaani penalti za kuamua mshindi. Hakuna klabu nyingine ya Tanzania iliyowahi kufika hatua hiyo kwenye kombe lile. Zimeingia robo fainali mara kadhaa miaka hii, Simba na Yanga, na Yanga mwaka 2024 ilitolewa na Mamelodi Sundowns kwa matuta baada ya 0-0 mara mbili, na lile shuti la Aziz Ki ambalo mimi mpaka leo naamini lilivuka mstari. Lakini nusu fainali ni moja tu, ya 1974. Vijana wa tawi la Simba waliokuja kwangu hawakuwa wanaijua. Walikuwa wanang'ang'ania kitu ambacho si chao, huku chao kimelala.

Na ile ya Mufulira Wanderers nayo. Mwaka 1979 Simba ilifungwa 4-0 nyumbani Dar es Salaam, mbele ya watu wake, halafu ikaenda Zambia ikashinda 5-0. Nimekutana na watu wazima wanaonibishia kwamba haiwezekani, nimegeuza namba. Sijageuza. Baba alinisimulia habari hiyo mara nyingi mpaka nikaichukia, na nilipokua nikaelewa kwa nini alikuwa hachoki. Ni lini umesikia timu imefungwa nne kwake ikavuka? Au ile ya 2003, Zamalek ya Misri ikiwa ndiyo bingwa mtetezi wa Afrika. Simba ilishinda 1-0 hapa, ikafungwa 1-0 Cairo, ikavuka kwa matuta 3-2, Juma Kaseja akiwa langoni na Christopher Alex akipiga ile ya mwisho. Leo naona kwenye kurasa za michezo imeandikwa "Simba iliifunga Zamalek 3-2". Hapana. Hayo ni matuta, na matuta yaandikwe kuwa ni matuta.

Nisionekane natetea upande mmoja, niende Kenya. Nina mteja wa Mombasa anayevuka Horohoro kuja kununua vitambaa, shabiki wa Gor Mahia wa kufa na kuzikana. Aliniagiza bendera ya kijani na nyeupe iandikwe kwamba Gor ni "klabu pekee ya CECAFA kutwaa kombe la Afrika, 1987". CECAFA ndiyo shirikisho la mpira la Afrika Mashariki na Kati. Ameisoma hivyo, na hata mimi nimeisoma hivyo. Sasa 1987 ni kweli na ni kubwa mno. Lilikuwa Kombe la Washindi Afrika, mwaka huo likiitwa Kombe la Nelson Mandela, na Mandela mwenyewe bado yuko gerezani. Gor walitoka 2-2 na Espérance mjini Tunis, wakatoka 1-1 Kasarani, uwanja uliokuwa mpya kabisa, umefunguliwa mwaka huohuo kwa Michezo ya Afrika. Jumla 3-3, wakachukua kombe kwa mabao ya ugenini, sheria ileile iliyokuja kuwaumiza Yanga. Nahodha Austin Oduor, kocha Jack Johnson, na Peter Dawo mfungaji bora wa mashindano kwa mabao kumi. Na miaka minane kabla, 1979, Gor haohao walifungwa na Canon Yaoundé kwenye fainali ya kombe hilohilo, 2-0 Nairobi na 6-0 Yaoundé. Kutoka kupigwa jumla ya nane mpaka kulinyanyua, hiyo ndiyo habari.

Lakini "pekee ya CECAFA" si kweli. Sudan ni mwanachama wa CECAFA, na El Merreikh ya Omdurman ililitwaa kombe lilelile mwaka 1989, ikaifunga Bendel United ya Nigeria 1-0 na kutoka 0-0. Nikamwambia mteja wangu, ndugu yangu, nitakuandikia "klabu pekee ya Kenya", na hapo hakuna atakayekusuta. Alibisha sana, akanywa soda mbili, mwisho akakubali.

Na kwa kuwa tunazungumzia fainali, tuzitaje na zile ambazo hata wenyewe wamezisahau. Simba ya Uganda, timu ya jeshi, ilicheza fainali ya Klabu Bingwa Afrika 1972 ikafungwa na Hafia ya Guinea. Villa ya Kampala ilifika fainali hiyo 1991 ikatolewa na Club Africain ya Tunisia, na mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la CAF, lile la kwanza kabisa, ikafungwa na Shooting Stars ya Nigeria. Vital'O ya Burundi ilicheza fainali ya Kombe la Washindi 1992. Kenya Breweries ilicheza hiyohiyo 1994, ikafungwa na Motema Pembe ya Kinshasa. Ukanda huu haukuwa mtupu kama tunavyoambiwa kila timu yetu inaposhinda mechi mbili.

Sasa Kombe la Kagame, ambalo kwangu ndilo linaloharibiwa zaidi. Mashindano haya ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati yalianza 1974, Simba wakawa mabingwa wa kwanza. Jina la Kagame lilikuja 2002, Rais Paul Kagame wa Rwanda alipoanza kutoa fedha za zawadi. Mwaka 1974 Kagame mwenyewe alikuwa kijana mkimbizi Uganda. Kwa hiyo ninapoletewa kazi ya "Bingwa wa Kombe la Kagame 1974" ninaandika "Klabu Bingwa Afrika Mashariki na Kati 1974", hata kama maneno ni mengi na uzi unakwenda zaidi. Simba wamelitwaa mara sita, 1974, 1991, 1992, 1995, 1996 na 2002, na hakuna klabu iliyowafikia. Yanga mara tano, 1975, 1993, 1999, 2011 na 2012. Ile ya 1975 waliwafunga Simba 2-0 Zanzibar, na ya 1992 Simba wakawalipa Yanga kwa matuta, Zanzibar hapohapo. Mwaka 1993 Yanga walilichukua Kampala kwa kuifunga Villa 2-1 nyumbani kwake. Mashabiki wa Yanga wanaopenda kutaja 2023 wangeiongeza na hiyo. Mwaka uleule ambao Simba wanajivunia Abidjan, wao waliondoka na kombe Kampala.

Azam wamelichukua 2015 na 2018. Mwaka 2015 hawakuruhusu bao hata moja tangu mechi ya kwanza mpaka fainali walipoifunga Gor Mahia 2-0. Na Septemba 2025 Singida Black Stars wakalichukua kwa kuifunga Al Hilal ya Sudan 2-1. Jumla ya Tanzania ni mara kumi na nne. Nikasoma baada ya hapo kwamba Tanzania "inaongoza ukanda". Haiongozi. Kenya inayo kumi na tano.

Najua ni kwa nini watu wanakosea hesabu ya Kenya: majina yalibadilika. Abaluhya iliyotwaa 1979 ndiyo AFC Leopards iliyotwaa 1982, 1983, 1984 na 1997. Hizo ni tano za klabu moja. Kenya Breweries ya 1988 na 1989 ndiyo Tusker ya 2000, 2001 na 2008. Tano nyingine. Gor wana tatu, 1980, 1981 na 1985. Na Luo Union walilichukua 1976 na 1977, na hao si Gor, ingawa nimeona watu wakiwapa Gor makombe hayo mawili kwa kusikia tu jina la kabila. Kati ya 1976 na 1985, miaka kumi, kombe lilikwenda nje ya Kenya mara moja tu, KCC ya Kampala ilipolichukua 1978 kwa kuwatoa Simba kwa matuta. Hayo ni mafanikio ambayo vijana wa Kenya wangepaswa kuyajua kwa kichwa. Hata TP Mazembe ya Lubumbashi, wanapohesabu makombe yao matano ya Klabu Bingwa Afrika, mawili ya mwanzo, 1967 na 1968, waliyapata wakiitwa Englebert, na hakuna anayewapunguzia. Hata Simba yetu ilikuwa Sunderland mpaka 1971.

Nimefika sasa kwenye lililonifanya nishike kalamu. Katika orodha mojawapo iliyochapwa gazetini mwenu baada ya ushindi wa Singida, iliandikwa kwamba klabu za Tanzania zilizowahi kucheza fainali ya kombe hili ni Simba, Yanga, Azam na hiyo Singida. Nne. Nilisoma mara mbili. Nikamwita binti yangu asome, nikidhani macho yangu nayo yameanza.

Coastal Union ilicheza fainali mwaka 1989, Nairobi, dhidi ya Kenya Breweries. Tulifungwa 3-0. Sisi tulikuwa tumetwaa ubingwa wa nchi 1988, mara yetu moja tu mpaka leo, na ubingwa huo ndio uliotupeleka huko. Mji huu mwaka ule ulikuwa na katani iliyokwisha bei, viwanda vinafunga kimoja kimoja, baba anarudi kutoka bandarini hana la kusimulia ila mpira. Timu ilipoondoka kwenda Nairobi watu walisimama barabarani. Waliporudi wamefungwa tatu, watu walisimama vilevile. Baba alinishika mkono tukaenda, akaniambia niwaangalie vizuri wale, wamecheza fainali. Nilikuwa nimevaa gauni alilonishonea mama kwa kitambaa chekundu, lililobaki mikono mirefu kwa sababu kitambaa kilikuwa kingi kuliko uzi wa kukipinda.

Kufungwa tatu kwenye fainali si ubingwa, na sitaki tuandikwe mabingwa. Nataka tuandikwe. Mlandege ya Zanzibar nayo ilicheza fainali 1998 ikafungwa 2-1 na Rayon Sports ya Rwanda, na orodha yenu haikuitaja. Au Zanzibar ilihesabiwa peke yake? Kama ni hivyo, ingesemwa. Klabu ndogo fainali yake moja ndiyo hazina yake yote. Simba na Yanga ukiwasahaulia moja wanazo nyingine nyingi, na wana watu elfu wa kuwapigia simu kuwakumbusha. Coastal ukiisahaulia 1989 umeimaliza.

Ninachoomba ni hiki. Habari yoyote ya rekodi itaje jina kamili la kombe na mwaka, na ubingwa utenganishwe na ushindi wa pili, na ushindi wa dakika tisini utenganishwe na wa matuta. Maneno "ya kwanza" na "pekee" yasiingie ukurasani mpaka mtu mwingine, si yule aliyeyaandika, ameyahakiki. Gazeti likikosea, sahihisho lichapwe kwenye ukurasa uleule wa michezo, kwa herufi zinazosomeka, si kona ya chini kabisa pembeni ya tangazo la viwanja. Na mkiweza, mwanzo wa kila msimu wa mashindano ya Afrika mchape jedwali moja la klabu za ukanda huu, zilizotwaa na zilizofika fainali, watu wakate wabandike ukutani. Mimi nitalibandika mbele ya cherehani yangu, na mteja atakayebisha nitamwelekeza huko.

La mwisho, mtumeni mwandishi wenu hapa Tanga. Wachezaji wa ile timu ya 1989 baadhi wapo, wanazeeka, na kila mwaka tunazika mmoja. Wana picha kwenye masanduku, wana kumbukumbu za safari ile ya Nairobi, nani alianza, nani aliumia, kocha alisema nini mapumziko. Mkija waulizeni wazee wa Uwanja wa Mkwakwani watawapeleka kwa kila mmoja, na wasipokuwepo njooni dukani kwangu, nitafunga kazi niwapeleke mimi.

Wenu,
Mama Fundi,
Ngamiani, Tanga